Kufuli la Mjomba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na kabla sijakuuliza hali nakuomba barua hii uisome umekaa. Natumaini kifua hakikusumbui tena, na kwamba wifi na watoto ni wazima. Huku sote tupo. Mama anakula, analala, na jana aligombana na jirani kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo ujue amepona. Mimi mwili sijambo, ila nimejaa dharau hadi kooni, na dharau haina dawa dukani.

Barua yako ilifika. Niseme kweli, haikutufikia sisi. Ilimfikia Mjomba, kwa kuwa ulimwandikia yeye, naye akaisoma kwa sauti mbele ya ukoo mzima, amesimama, mkono mmoja kifuani, akirudia mara mbili kila mahali ulipomsifu. Uliandika kwamba ameokoa roho za watu. Uliandika kwamba mtu huhukumiwa kwa alichokitenda, kwa maana ya moyoni anayajua Mungu peke yake. Ukamalizia kwamba kwa shukrani tumkabidhi usimamizi wa karakana ya Mama. Kaka, elimu unayo, lakini siku ile ulikuwa mbali. Acha nikusimulie niliyoyaona kwa macho yangu haya mawili.

Unajua kwamba tangu Babu afariki, Mjomba anadai chumba kile cha karakana ni chake kwa sababu yeye ni mtoto wa kiume. Kilipokuwa kitupu, kimejaa popo, hakukidai. Mama alipokijaza vyerehani na mafundi wanawake, wakawa wanashona sare za shule na mashuka ya hospitali, ndipo Mjomba akakumbuka kwamba ni mwanamume. Hajawahi kutunga uzi kwenye sindano. Kazi yake ilikuwa kupita adhuhuri, kupapasa kitambaa kipya, na kuondoka na vipande vya kufutia viatu. Vipande hivyo baadaye tuliviona mwilini mwake, vina kola na mikono mirefu.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na Mama alikuwa na kazi ya sare mpaka inamtoka puani. Mjomba alilijua hilo, akaichagua siku hiyohiyo. Tulipofika asubuhi tulikuta mlangoni kufuli jipya, jeusi, kubwa kama ngumi ya bondia. Mwenyewe alikuwa ng'ambo ya barabara kwenye kiti cha plastiki, miguu amekunja nne, anachokonoa meno. Mama akamuuliza kulikoni. Akajibu, kwa sauti iliyofika hadi kwa kinyozi, kwamba leo dada yake atajua nani mwanamume katika ukoo huu, na kwamba mafundi wake watakauka juani mpaka wenye sare zao waje kuzichukua wazipeleke kwingine. Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza chumvi. Kinyozi aliyasikia, muuza magazeti aliyasikia. Leo ukiwauliza, masikio yao yamezibwa nta.

Mama alimbembeleza. Alimwita "mdogo wangu", akamwita "baba yangu", akamkumbusha nani alimbeba mgongoni alipokuwa na surua. Mjomba akahamishia kijiti cha meno upande wa pili. Hapo mimi sikustahimili. Nilikimbia mpaka kwa yule fundi wa kuchomelea vyuma mwisho wa mtaa, nikamsihi aje akate kufuli. Nilimkuta anapuliza chai. Akaniambia, "Dada, hata chuma kinaachwa kipoe, sembuse chai?" Nilimtukana, Kaka. Nilimwita gogo, nikamwita mzigo kwa mama yake. Akamaliza kikombe chake taratibu, akatafuta msumeno wa chuma, halafu akatafuta kiatu cha pili.

Basi tukaja, akaanza kukata. Mafundi walikuwa wamebanana nyuma yetu. Yule bibi anayeshona vifungo alikuwa amekwisha kuvaa miwani, kidole amekivika kastabini, hataki kupoteza muda. Kufuli lilikuwa limeliwa nusu tuliposikia ndani kishindo kama lori linalomwaga mawe. Mlango ulitutunishia kifua, vumbi likatupiga usoni. Tulipochungulia dirishani, dari lote lilikuwa sakafuni. Vyerehani vya safu ya katikati vilikuwa vimelala kifudifudi, miguu imepinda kama ya panzi. Hapo ndipo anapokaa bibi wa vifungo. Alivua miwani, akaikunja, akakaa chini barabarani.

Na mwokozi wako? Alikimbia! Kiti kikaanguka huku, ndara moja ikabaki kule, yeye akatokomea nyuma ya jengo la kinyozi, akidhani tutamtia hatiani kwa jengo kuanguka. Alijibanza huko mpaka aliposikia mtu akisema jamani, lile kufuli limewaponya hawa wanawake. Ndipo akajitokeza, anatembea polepole kama mgeni wa heshima anayesubiriwa jukwaani, mguu mmoja mtupu. Akatangaza kwamba alioteshwa.

Hiyo ndoto, Kaka, ungeiona inavyokua! Asubuhi ilikuwa sauti tu. Jioni sauti ikapata mzee mwenye ndevu. Kesho yake mzee akapata kanzu nyeupe, na mwisho wa juma kanzu ikaanza kutoa mwanga. Watu wakaivika ndoto hiyo kilemba, wakamvika na mwotaji wake. Kinyozi sasa anamnyoa bure. Bibi wa vifungo alimshika mikono akalia. Huyo simlaumu, kwa maana aliyeponea chupuchupu hushika mkono wowote ulio karibu. Nawalaumu wale waliomsikia akitulaani kabla, kisha wakapiga foleni kumpa pole kwa uchovu.

Siku ya kikao, alipokwisha kusoma barua yako, Mama aliomba kuuliza. Alikuwa mpole mno, na wewe unamjua Mama akiwa mpole.

"Mdogo wangu, ndoto uliiota usiku?"

"Usiku, dada."

"Tunatenganishwa na ukuta mmoja. Mbona hukunigongea?"

Akasema hakutaka kumtisha, kwa sababu ya presha yake. Watu wakaguna kwa kumhurumia. Mama akaendelea kwamba tumefukua kifusi chote, vyerehani vyote tumeviona, vizima na vibovu, isipokuwa mashine ya kudarizi. Je, hiyo nayo ilioteshwa? Mjomba akafungua kinywa. Kabla hajapata la kusema, mkewe, masikini ya Mungu, asiyejua lolote, akadakia akitaka kumtuliza Mama:

"Wifi, usiwe na wasiwasi, si ipo chini ya kitanda chetu? Aliileta usiku ule kabla hajaenda kufunga."

Ungetegemea watu wangeinuka wamtoe kwa mateke. Thubutu! Baba Mdogo alikohoa, akasema hayo ni madogo, tuangalie matunda, maana watu wako hai. Wengine wakaitikia kama kasuku, wakainukuu barua yako, kwamba matokeo ndiyo hukumu. Mama akawajibu kwamba kwa watu kuwa hai anamshukuru Mungu, na kwa kufuli anadai mashine yake. Wakashindwa kukubaliana, wakasema neno la mwisho liwe lako, mtoto wa kwanza wa kiume. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sikia ninavyoliona mimi. Mjomba alichimba shimo ili atutumbukize, likatoka maji. Leo anataka tumwite mchimba kisima. Maji nitayanywa, sina ujinga huo, lakini mkono wake sitaubusu. Dari lingeanguka siku moja baadaye, angekuwa mtu aliyemnyang'anya dada yake riziki, na wewe ungemwandikia barua nyingine kabisa. Tabia gani hiyo ya mtu, inayosubiri dari liamue?

Utaniuliza, na mimi je? Mjomba aliniuliza hilo hadharani, kidole kikiwa karibu na jicho langu. Alisema nitazamwe vizuri mimi mwenye maneno, kwa sababu haraka yangu ingetiiwa siku ile, leo tungekuwa tunazika. Ni kweli. Fundi yule angeiacha chai yake, ningewafungulia mafundi mlango mimi mwenyewe, ningewahimiza wakae haraka, tumechelewa. Neno hilo liliniingia kama sindano chini ya ukucha na bado limo. Kila nikimwona bibi wa vifungo anavaa miwani, naondoka. Lakini nimelala nalo, nimeamka nalo, na bado sikubali kwamba mimi niliyetaka wapate kazi yao ni mbaya, na yeye aliyetaka waikose ni mwema. Nikikubali hilo, basi tupige shilingi hewani kila asubuhi, tuone nani mtu mzuri leo.

Sasa nakuambia lile ambalo Mama ametuapisha sote tukufiche. Mjomba alikuandikia kwamba dari lilikuwa limeoza. Si kweli. Lililoangusha dari ni tangi la maji. Ni lile tangi lako, Kaka, ulilotununulia mwaka jana, ukasisitiza liwe kubwa, liwekwe juu ya paa, ili Mama asibebe tena ndoo. Fundi bomba aligonga boriti, akasema ni imara, wote tukamwamini. Siku maji yalipofunguka Mama aliacha bomba linatiririka muda mrefu, anacheka peke yake. Aliposimama mbele ya kifusi, miguu ndani ya maji, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu asijue, itamuua." Mjomba naye amenyamaza, wala si kwa huruma. Analihitaji neno lako kwanza.

Kwa sheria uliyotuandikia, yeye ni mwokozi, na mimi na wewe ni wauaji tuliokosa bahati. Kwa sheria yangu, yeye ni mwizi wa mashine ya kudarizi, na wewe ni mtoto aliyetaka mgongo wa mama yake upumzike. Chagua unayoitaka. Ila utakayoichagua, ituhukumu sote watatu.

Usilie sana. Andika jibu lako, na mara hii mwandikie Mama.

Mafundi wote wanakusalimu. Wanashonea barazani kwetu kwa sasa, sare zilikamilika kwa kuchelewa kidogo, na hakuna aliyezikataa. Mama anakusalimu kuliko wote, anauliza kama huko kuna baridi na kama unakula. Mbusu kila mtoto kwa niaba yangu, na wifi mwambie namkumbuka. Mungu atuwekee uhai tuonane.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
yule mwenye ulimi.