Paa Lililotazamwa kwa Nje

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwaga maji mara tatu kabla ya adhuhuri. Beseni la kufulia liko miguuni pa kitanda, karai karibu na mlango, sufuria ya wali kando ya kabati. Nimeshajua ni chombo gani hujaa upesi. Kitanda nimekisukuma hadi ukutani na bado kona moja imelowa. Godoro linanuka.

Mwezi wa pili wa eda huu. Sitoki, siendi sokoni, siendi kwa mtu. Kazi yangu ni kumlilia mume wangu na kumwaga maji. Hamadi angekuwapo angepanda juu na kopo lake la lami, na mambo yangetulia. Kila masika alipanda. Leo nimemkasirikia, Mungu anisamehe, nimemkasirikia kwa kufa kabla ya mvua.

Jumanne, 6 Mei

Shemeji Rashidi amekuja. Ni kaka mkubwa wa Hamadi, mtu wa heshima zake. Tangu nikae eda hajavuka kizingiti. Yeye hukaa barazani, mimi ndani nyuma ya pazia, tunasemezana hivyo. Nimemwambia chumba hakilaliki. Amesema kesho ataleta fundi kutoka Ukunda.

Angalau leo nimepata jambo la kungojea.

Alhamisi, 8 Mei

Fundi alikuja jana. Anaitwa Mutua, mtu wa bara. Sikumwona, nilisikia miguu tu juu ya kichwa changu. Shemeji alikuwa amemwonya kwamba ndani mna mjane wa eda, basi maskini wa Mungu alinyata juu ya bati kama mwizi. Hata dirisha langu alilipita akiwa amegeuza uso. Haya nimeambiwa na Mwanamisi, wifi yangu, mdogo wa Hamadi. Ndiye anayeniletea chakula, na umbea juu yake.

Leo bei imekuja. Laki moja na arobaini. Paa lote libanduliwe, bati mpya, mbao mpya, maana za zamani zimeoza. Shemeji aliisoma kwenye simu polepole. Rambirambi za wenzake Hamadi wa hotelini Diani, baada ya gharama za matanga, zimebaki elfu arobaini na kitu.

Sikula.

Ijumaa, 9 Mei

Shemeji alipitia hapa akitoka msikitini. Amemwuliza ustadhi. Nyumba ikiwa haikaliki, mjane anaruhusiwa kuhama na kumalizia eda kwingine. Anasema kaka yangu wa Majoreni ana chumba. Nyumba hii tuifunge mpaka mambo yawe mazuri.

Hakusema kwa ubaya. Ana watoto wake wa kulisha, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeshindwa. Lakini nazijua mimi nyumba zinazofungwa mpaka mambo yawe mazuri. Zimejaa hapa Msambweni. Mchwa milangoni, mpapai umeota sebuleni. Nikitoka humu sitarudi.

Paa hili Hamadi alilinunua kwa vipande, safu moja kila msimu watalii walipokuwa wengi, ndiyo maana rangi za bati hazifanani. Sitaki kuhama. Nimemwomba shemeji wiki moja.

"Wiki moja ya nini, shemeji?" aliniuliza.



Jumamosi, 10 Mei

Mvua asubuhi yote. Badala ya kulia nimelala chali na kuwasha tochi ya simu. Hatuna dari, ukilala unaona bati na mbao zote.

Ajabu. Tone linaloangukia kitanda halitoki kwenye bati lililo juu ya kitanda. Bati hilo ni kavu. Maji yanatoka kule juu kabisa, penye kofia, yale mabati yaliyokunjwa yanayofunika mgongo wa nyumba. Yanateremka yakiambaa ubao, yanafika penye kifundo, yanashindwa kupita, ndipo yanaponiangukia mimi. La mlangoni vivyo hivyo. La kabatini vivyo hivyo. Yote yanaingilia upande mmoja, upande wa kusi.

Nikapanda juu ya meza na kisu cha jikoni, nikazichoma mbao. Ngumu. Nikachoma nyingine. Ngumu vilevile. Sasa nani aliyemwambia huyo Mutua kwamba zimeoza?

Mwanamisi alinikuta hapo juu, kisu mkononi, macho kwenye bati. Aliketi chini taratibu, akaniuliza amwite nani kwanza, shehe au daktari.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemwomba shemeji anisomee ile bei tena, kitu kimoja kimoja. Mara ya kwanza nilisikia jumla tu, na jumla ndiyo iliyonikata miguu. Kumbe mabati ni karibu nusu. Mbao peke yake zimekula robo nzima. Kinachobaki ni ufundi, misumari na gari la kuleta vitu. Nikauliza, hizi mbao kaziona wapi? Shemeji akakiri kwamba Mutua hakuziona. Aliona kutu juu, akakisia kwamba na chini pamekwisha, akaziweka zote asije akapungukiwa katikati ya kazi.

Hakuingia ndani. Basi, ndilo hilo tu. Rashidi alimzuia kwa heshima yangu, Mutua naye akashika heshima hata akaogopa dirisha, na mimi nikakaa nyuma ya pazia kwa heshima yetu sote. Tumeheshimiana mpaka tumefika laki moja na arobaini.

Nimecheka peke yangu. Mara ya kwanza tangu msiba. Nikaona haya, kisha nikacheka tena.

Jumanne, 13 Mei

Shemeji hataki. Watu watasema nini, mwanamume mgeni chumbani mwa mjane? Nimemwambia mimi sitakuwamo. Nitakaa jikoni uani na Mwanamisi, mlango umefungwa, yeye aingie na fundi wakae humo hata mpaka alasiri wakipenda. Nikamwambia pia kwamba hao watu watakaosema hawalowi usiku.

Nilisema kwa ukali. Ameondoka akisema atafikiri. Nina hofu nimemvunjia heshima. Ijumaa wiki yangu inakwisha, na Mwanamisi ameshaulizwa nguo zangu zitatosha sanduku ngapi.

Alhamisi, 15 Mei

Wamekuja, wote wawili. Shemeji alipiga hodi kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, ili ijulikane.

Tulikaa jikoni tukikuna nazi tusiyoihitaji. Nilisikia meza ikiburutwa, kisha kisu kikigonga ubao. Mwanamisi akasema wakikawia zaidi ya hapo itabidi tuwapikie. Nazi yote nimeimwaga chini.

Halafu sauti ya Mutua nje ya ukuta wa jikoni. "Mama, pole kwa kumpoteza mzee. Hizi mbao ziko fiti. Ningeziona siku ile, singewatajia hiyo pesa."

Nilikaa chini pale pale kwenye mbuzi ya kukunia, nikalia.

Si kwamba ni bure. Kichwani nilikuwa nimejipigia elfu kumi, kofia tu na mambo yamekwisha. Sivyo. Kofia ni mbovu, nilikuwa sawa. Lakini na ile safu ya juu ya upande wa kusi imelazwa kinyume, mdomo wa kila bati unaelekea upepo, mvua inasukumwa ndani. Na misumari ya paa zima imepoteza mipira yake ya kuzuia maji. Yote hayo, pamoja na gari na ufundi, elfu thelathini na nane. Itanibakia ya unga na mafuta. Safu nyingine, anasema, zitavumilia miaka kadhaa, kisha tubadilishe moja moja. Shemeji akasema, "Kama alivyozinunua mwenyewe." Akakohoa, akaenda kusimama mbali kidogo.

Nikauliza kupitia ukutani, ile safu ya juu aliilaza fundi gani?

Mwanamisi akaanza kucheka kabla ya shemeji kujibu. Hakuwa fundi. Alikuwa Hamadi. Pesa za ufundi zilikuwa zimemwishia, akasema bati ni bati, akapanda mwenyewe. Miaka yote hiyo alikuwa akipanda kuziba kosa lake, kisha anashuka anajisifu, nami namwandalia chai. Mwongo mkubwa. Nimemkosa leo kuliko siku aliyozikwa.

Ijumaa, 16 Mei

Wiki imekwisha. Shemeji amekuja barazani, hakutaja Majoreni hata kidogo. Ameuliza tu kama Jumapili itakuwa kavu. Nimemwomba radhi kwa maneno ya Jumanne. Akasema maneno gani.

Jumapili, 18 Mei

Jua, alhamdulillahi. Mutua na mwenzake wamefika mapema. Leo hakunyata. Amegonga misumari kama mwenye nyumba, huku akiimba nyimbo za kwao.

Waliposhuka kula niliingia chumbani kuchukua kanga. Safu ya juu ilikuwa imetolewa yote. Mbingu ndani ya chumba changu. Nikasimama nimevaa buibui langu la nyumbani, nikaangalia wingu moja jeupe likipita toka kabatini hadi mlangoni. Nilikaa mpaka Mwanamisi akaniita.

Bati zilizotolewa, zilizo nzima kidogo, zimeezekwa kwenye banda la kuku. Mara hii zimelazwa sawa. Nimeuliza mara mbili.

Jumatatu, 19 Mei

Nimekirudisha kitanda mahali pake, katikati, kichwa kwenye dirisha. Mwanamisi alishika upande mmoja, akalalamika mgongo njia nzima, yaani hatua nne. Godoro limeanikwa siku mbili, halinuki tena. Upande wa Hamadi nimeuachia mto wake.

Mvua hakuna. Sasa ninaingojea, mimi niliyekuwa nikiilaani. Kila wingu natoka uani kulikagua. Beseni nimeliacha miguuni pa kitanda. Ninamwamini Mutua, lakini beseni likae.

Jumatano, 21 Mei

Adhana ya alfajiri imeniamsha. Nilitoka uani kutia udhu, mguu ukazama kwenye mchanga ulioloa. Pipa limejaa hadi linamwagika. Majani ya mpapai chini.

Nikarudi chumbani na tochi. Beseni kavu. Nimepitisha kidole ndani, vumbi tu.

Mwanamisi amekuja na uji, kanga imemganda miguuni, analaumu njia. Anasema ilipiga usiku kucha, hata watoto wake hawakulala kwa kelele za bati. Akaniuliza nimeionaje. Nikamwambia sikuisikia. Hakuamini.

Nimelitoa beseni uani nikafulia shuka.