Baba Ameacha Ugali

Gesima, 3 Februari 2024

Mwanangu Nyamoita,

Habari za Kisii mjini? Huku tuko salama, ila goti langu linasumbua. Nakuandikia kwa kuwa kwa simu utanikatiza.

Krismasi ulipokataa ugali wa mama yako nilikasirika. Kisha nikakuona ukipanda kilima bila kupumzika, nikaamua kukuiga. Sasa wiki ya tano sijaonja ugali wala viazi. Ni mayai, nyama na siagi tu, na suruali zinanipwaya. Zile tembe za kupunguza mafuta kwenye damu nimeacha. Za nini tena?

Baba yako, Ogeto

Kisii, 10 Februari

Baba mpendwa,

Natumaini goti limepoa. Mimi ni mzima, lakini nimepima damu. Sukari imeshuka, trigliseridi, yale mafuta mengine ya damu, zimeshuka, kolesteroli nzuri imepanda kidogo. Ile mbaya imepanda sana. Daktari aliniuliza napikia nini, nikasema siagi. Akasema kwa wengine haipandi hivyo, lakini mtu hawezi kujua kwa kupungua uzito tu, bila kupima.

Baba, anza tena tembe zako leo. Pale Krismasi nilijisifu kabla sijapima chochote.

Binti yako, Nyamoita

Kisii, 2 Machi

Baba,

Hamjambo nyumbani? Hujajibu, na simu yako inaita tu. Kaka Osoro anasema uko shambani kila nikiuliza. Kama umekasirika, kasirika, lakini meza dawa.

Nyamoita

Gesima, 9 Machi

Mwanangu,

Sijambo sasa. Mama yako anakusalimu.

Sikukasirika. Siku mbili baada ya kupata barua yako ya kwanza, nilibanwa kifua nikipeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia. Nikaketi juu ya gunia mpaka Osoro akaja. Nililazwa siku nne. Nilimkataza asikwambie, na simu zako sikupokea, usije ukajilaumu.

Mshipa mmoja wa moyo umebana. Daktari anasema ulianza zamani, hawezi kuulaumu ugali wala siagi. Kosa ni kuacha tembe bila kuuliza. Amenirudishia, na nyingine juu yake. Ugali nile kidogo, na maharagwe, mboga, parachichi. Siagi niiache.

Aliniuliza, "Mzee, nani alikwambia uache dawa?"

Nikamjibu, "Hakuna. Niliamua mwenyewe."

Huo ndio ukweli, Nyamoita. Nimeuandika ili uwe nao mkononi, hata siku ambayo sitakuwepo kukwambia.

Baba yako, Ogeto