Swali la Nne: Nyumbani ni Wapi

Jumatatu, 7 Machi 1994

Nimeshinda kwa meza nikipiga chapa jedwali la Laini ya Chini. Chumba, jina, kazi, nyumbani ni wapi. Ribini ya taipureta imekwisha wino, herufi zinatoka kijivu. Mwenyekiti wa kamati ya reli amepita mara mbili kuuliza kama nimemaliza. Mwaka mzima uliopita hakupita hata mara moja.

Saa kumi nimemaliza. Safu ya mwisho ni safi sana. Bondo, Alego, Gem, Ugenya, Nyakach, Bondo tena, Seme. Kila mtu ana kwao.

Amesoma akiwa amesimama. Akanipiga bega. "Omolo, wewe ndiye karani." Ati meza ya karani mkuu iko wazi tangu Januari na yeye si mtu wa kusahau.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilitembea mpaka Kaloleni, ninakolala, kama kijana amekubaliwa na msichana.

Jumanne, 8 Machi

Joto. Chakula cha mchana kimerudi nyumbani vile kilikuja.

Wacha niandike hii reli ni nini, nisije nikajidanganya nikizeeka. Kaunsili inataka treni ndogo ya abiria. Itoke stesheni, ipite kando ya ziwa mpaka upande wa Dunga, halafu baadaye laini nyingine iende Kibos. Mama wa samaki apande na karai yake, mtu wa ofisi apande na gazeti lake. Mimi naitaka hiyo treni. Naitaka tangu siku ya kwanza nilipoiona ramani.

Lakini ramani inapita juu ya Laini ya Chini, zile safu mbili za vyumba vya mabati nyuma ya magodauni. Kamati ilikubaliana hivi: asiye na nyumbani kwingine apewe chumba kipya kwanza, ndipo chake kibomolewe. Mwenye nyumbani kwingine apewe notisi tu, arudi kwao.

Kwa hivyo swali la nne kwenye fomu. Nyumbani ni wapi.

Mimi ni Mjaluo wa miaka arobaini na tisa. Najua. Ukimuuliza mtu wetu nyumbani, hawezi kukuambia Kisumu hata kama alizaliwa hapa na akazalia hapa. Mjini ana nyumba, mahali pa kulala na kutafuta. Nyumbani ni dala, kwenye boma la baba yake, kwenye kaburi la baba yake, pale yeye pia atazikwa. Hata kama paa ilianguka. Hata kama ndugu wamelima mpaka mlangoni. Ukisema kwetu ni hapa mjini ni kama umesema huna baba.

Mwenyekiti pia ni Mjaluo. Hilo swali aliliandika kwa mkono wake, mimi nikiona. Nilielewa papo hapo. Nikachukua fomu nikaenda.

Jumatano, 9 Machi

Nimepita Laini ya Chini nikijifanya naenda posta. Mama Perpetua, yule anakaanga samaki karibu na mfereji wa kuchotea maji na ndiye kiongozi wa wamama pale, ameniona kutoka mbali.

"Bwana Fomu! Vipi sasa? Tuko namba ngapi kwa hivyo vyumba vipya?"

Maana mimi ndiye niliwaambia fomu ni ya kuwasaidia.

Nikamwambia bado wanaangalia. Akanifungia samaki wa ngege kwa gazeti, ati nimetembea sana kwa ajili yao. Nilikataa. Akanilazimisha. Nilikula yote.

Alhamisi, 10 Machi

Siku mbili naandika nikizunguka. Leo naandika.

Chumba cha kumi na nne. Njoroge, fundi wa taa na majiko, alikuja hapa kutoka upande wa Mlima Kenya kabla mimi sijaajiriwa. Nilimuuliza swali la nne. Akasema, "Hapa." Nikamuuliza tena, nyumbani kabisa ni wapi. Akasema, "Hapa, chumba cha kumi na nne. Andika."

Niliandika Nyeri.

Wale wengine walijibu wenyewe. Huyu mmoja nilimjibia mimi. Kwa sababu "hapa" moja ingeharibu ile safu. Mtu angeuliza kwa nini huyu peke yake, na jirani angesikia, na jirani angeanza kuuliza hilo swali ni la nini. Nilifikiria hayo yote kwa muda wa kuandika herufi tano. Ile meza ya karani mkuu pia niliifikiria. Sikulazimishwa na mtu.

Ijumaa, 11 Machi

Kamati imekaa. Imepitisha. Mwenyekiti ameinua jedwali langu juu kama ng'ombe wa maonyesho. "Hatufukuzi mtu hapa, waheshimiwa. Tunamrudisha mtu nyumbani. Wamejiandikia wenyewe."

Makansela, madiwani wetu, wakacheka wakapiga meza. Karani wa kamati ni mimi. Nikaandika kwa kumbukumbu: kicheko.

Kaunsili nzima itapiga kura Alhamisi. Baada ya hapo ni tingatinga.

Jumapili, 13 Machi

Kanisani wameita wenye kutaka kuungama. Nilisimama. Nikaungama hasira na uvivu. Watu wakasema amina. Nikakaa chini nikijichukia. Mwoga hata mbele ya Mungu, na yeye ameshaiona fomu.

Nikatoka kabla ya sadaka. Nikaenda moja kwa moja chumba cha kumi na nne na suti ya kanisa. Njoroge alikuwa anafungua taa ya karabai.

"Bwana Njoroge, ile fomu yako niliibadilisha."

"Uliniandika wapi?"

"Nyeri."

Akaweka taa chini polepole. "Nyeri? Mimi ni wa Murang'a, bwana. Hata uongo umekushinda."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia shamba la Murang'a liliuzwa na kaka zake kitambo, hawezi hata kusimama pale. Mke wake amezikwa kwa makaburi ya mji, hapa. "Karani wenu ndiye alinipa namba ya kaburi. Sasa wewe niambie. Kwetu ni wapi?"

Nikamwambia naomba msamaha.

"Huo msamaha wa mlangoni peleka huko. Nenda mferejini useme mbele ya watu."

Jumatatu, 14 Machi

Nimesema. Saa kumi na mbili asubuhi, wamama wakiwa kwa foleni ya maji. Nimesema yote, ya swali na ya Njoroge.

Halafu Mama Perpetua akachukua beseni ya maji ya kuoshea samaki akayamwaga juu ya viatu vyangu. Sikusonga.

"Samaki yangu ulikula!"

"Nilikula, Mama."

"Na wewe Bwana Fomu, kwenu ni wapi?"

"Bondo."

"Na unalala wapi?"

"Kaloleni. Nyumba ya kaunsili."

"Basi kesho tukuone na godoro kichwani ukirudi Bondo!"

Wakacheka mpaka mwingine akaangusha debe. Mimi nimesimama, magamba kwenye soksi. Hilo sikuwa nimelifikiria. Miaka ishirini kila fomu naandika Bondo, na kila asubuhi naamka Kaloleni. Jedwali lile lile lingenimaliza mimi. Lingemaliza mji mzima.

Wamesema Alhamisi watakuja kukaa viti vya wananchi. Hawajaniambia asante na sikutaka.

Nimeenda kazini nikinuka samaki. Sijali.

Jumanne, 15 Machi

Mwenyekiti ameniita, akafunga mlango.

"Omolo, nasikia unatembea."

"Miguu ni yangu, mheshimiwa."

Ameshangaa. Hata mimi nimeshangaa. Miaka yote hiyo nimemjibu ndiyo mzee, sawa mzee.

Akapoa. Akaniuliza kama mimi naitaka treni ama siitaki. Mji uendelee ama ubaki na mabati? Nikamwambia naitaka. Nitakuwa mtu wa kwanza kununua tiketi. Lakini haitapita juu ya uongo nilioandika mimi.

"Uongo gani? Wao si walisema Bondo?"

"Walisema mahali watazikwa. Hatukuwauliza wanaishi wapi. Tuwahesabu wakiwa hai."

Akasema nikifungua mdomo Alhamisi sitaona meza ya karani mkuu, na hii nilionayo pia nitaisahau. Nikamwambia ameeleweka. Nimetoka na nikaacha mlango wazi makusudi.

Jumatano, 16 Machi

Naogopa. Naenda.

Alhamisi, 17 Machi

Lazima niandike leo.

Karani haongei kwa mkutano wa kaunsili. Karani anasoma. Basi nikaamua nitasoma. Viti vya wananchi vilijaa, Mama Perpetua mbele na leso yake ya Jumapili, Njoroge nyuma kabisa karibu na mlango. Meya akaniambia nisome jedwali.

Nikasoma kutoka chumba cha kwanza. Kufika cha kumi na nne nikasoma, "Njoroge. Fundi wa taa. Nyumbani ni hapa."

Mwenyekiti akaruka. "Soma kilichoandikwa!"

"Kilichoandikwa nilikiandika mimi, na ni uongo."

Kelele. Meya akagonga meza. Nilipaswa kunyamaza na kukaa. Badala yake nikamgeukia mzee mmoja wa makansela, yule husinzia kila mkutano, mtu wa heshima, nyumba yake iko mtaa wa Milimani na yuko hapo tangu tulipopata uhuru. Nikamuuliza kwa adabu, "Mheshimiwa, samahani. Nyumbani ni wapi?"

Hata hakufikiria. "Seme."

Mama Perpetua akasimama. "Rudi Seme!"

Ukumbi ukapasuka. Makansela wenyewe wakaanza kuulizana, wewe je, wewe je, na kila mmoja anataja kijiji chake kabla ya kujizuia. Gem. Karachuonyo. Uyoma. Wamama wanaitikia kila jina, "Rudi!" Meya mwenyewe alikuwa anacheka na kitambaa mdomoni. Mwenyekiti peke yake alikuwa amekaa akiangalia kalamu yake. Hakuna mtu alimuuliza. Hakukuwa na haja.

Mzee wa Seme akainua mkono ukumbi ulipotulia. Hakuwa anacheka. Akasema amekaa mjini miaka thelathini, na kumbe kwa karatasi hii yeye ni mgeni. Akaomba jedwali litupwe, watu wahesabiwe upya pale wanapoishi, na reli isiguse ukuta wowote kabla mwenye chumba hajapewa funguo ya kingine.

Imepita kwa tofauti ya kura mbili. Treni pia imepita. Nilipiga makofi kwa yote mawili.

Njoroge alishatoka kabla sijafika mlangoni.

Ijumaa, 18 Machi

Barua imekuja saa tatu. Nimesimamishwa kazi kwa kubadilisha kumbukumbu rasmi. Si uongo. Nilibadilisha. Ajabu ni kwamba sijaadhibiwa kwa siku nilipobadilisha, nimeadhibiwa kwa siku niliporekebisha. Nimetia sahihi kwa herufi kubwa.

Mama watoto amekasirika. Si juu ya kazi. Ati ningemwambia yeye kwanza. "Miaka yote nakupikia, na habari zako nazisikia mferejini?" Ana haki. Nimemwomba msamaha pia. Wiki ya msamaha hii.

Halafu akauliza wakitutoa hii nyumba itakuwaje. Nikamwambia waje na notisi yao. Nitawasubiri na fulana kwenye ngazi. Nimewafundisha wengine kukataa, siwezi kushindwa mlangoni kwangu.

Jumatano, 23 Machi

Wamefika kuhesabu upya. Karani mwingine, binti mpya wa ofisi ya ardhi. Mimi nimekatazwa kukaribia. Nikakaribia mpaka kwa duka la ng'ambo ya barabara nikanunua chumvi ambayo hatuhitaji.

Yule binti amebadilisha swali. Anauliza, "Unaishi hapa tangu lini?" Watu wanajibu kwa mwaka wa mvua kubwa, mwaka wa mtoto wa kwanza. Mwingine amesema anaishi hapo tangu kabla ya huyo binti kuzaliwa, kwa hivyo aandike tu "zamani." Ameandika.

Mwenyekiti alipita na gari. Hakusimama. Nilimpungia mkono.

Jumatatu, 28 Machi

Mvua imeanza. Nyepesi, ya kujaribu.

Hakuna jibu juu ya kazi yangu. Sijaenda kuuliza. Mama watoto amepanda mboga za sukuma nyuma ya jiko, nami nimemchimbia mashimo mpaka mgongo ukakataa.

Saa nane nikapita Laini ya Chini. Njoroge alikuwa ametoa fremu ya mlango wake. Mchwa walikuwa wamekula upande mmoja wote. Amekuwa akiuacha hivyo mwaka mzima, hakuna mtu anatengeneza mlango wa chumba cha kubomolewa. Sasa ameleta mbao mpya. Reli ikija itakuja, lakini funguo ya chumba kingine haijaja, na mvua inaingia.

Alikuwa peke yake. Mbao ilikuwa inateleza kila akiinua nyundo. Nilisimama. Akaniangalia, misumari mdomoni. Akaitoa.

"Sijakusamehe," akasema. "Shika hapo juu."

Nikashika.

"Juu kidogo."

Nikainua. Akagonga.