Maji ya Wale Wawili

Jumapili, 12 Julai 1998

Nimeosha mchanga mara saba. Mara ya saba beseni likatoa rangi ileile ya chai ya maziwa. Nimerudia. Mikono inanuka ziwa.

Sanduku la vioo la kufugia samaki liko juu ya meza yangu ya kuandikia. Fundi wa madirisha wa Kamembe alilibandika kwa vipande vilivyobaki kwenye kazi ya kanisa. Aliniuliza mara mbili kama kweli si kabati la mikate. Kona moja inavuja. Nimeiziba tena kwa mastiki, gundi ya vioo, na nasubiri ikauke.

Samaki wenyewe wako kwenye bidoni, dumu la manjano lililokatwa mdomo, chini ya dirisha. Wawili. Dume ana urefu wa kidole changu cha kati. Jike ni mfupi kuliko kidole gumba. Ni wa Tanganyika, wa aina inayoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Mzee Safari, dereva wa lori la saruji, aliwapokea kwa Papa, baba yangu, na kuwaleta jana kupitia Bugarama, bidoni limefungwa kamba kwenye kiti cha pembeni kama mgonjwa.

Papa ameandika ukurasa mzima. Miaka ishirini na miwili kwenye kituo cha samaki Uvira, na bado anaandika kama anamwelekeza mwanafunzi. Maji ya mvua yatawaua. Maji ya Ziwa Kivu yanafaa, yana chumvi kama ya kwao. Yakae ndooni siku mbili kabla ya kuwatia. Mchanga uwe wa kina cha vidole vinne. Kila mmoja awe na gamba lake, na yabaki mengine, wachague.

Mwisho kabisa: "Unaniomba kila mwaka nihamie kwenu. Nitakuja Septemba. Nikikuta hawa wawili wazima, nitajua hata mimi naweza kuishi huko."

Anatania. Mimi sitanii.

Alhamisi, 16 Julai

Nimewahamisha asubuhi.

Dume alizunguka vioo vyote vinne. Kisha akaanza kuchimba. Anachukua mchanga mdomoni, anautema nyuma, anarudi. Kufikia saa nane gamba lake lilikuwa limezama, umebaki mlango tu. Jike alikataa gamba nililomtengea, akachukua dogo lenye ufa.

Tantine alikuja kuangalia, mikono nyuma. Ni dada mdogo wa Mama. Tumeishi pamoja tangu tuvuke kutoka Bukavu kuja huku Rwanda, miaka minne sasa.

"Hawa njo bakubwa?"

"Ndio hawa, Tantine. Hawakui zaidi."

"Banatosha mboga ya nani?" Akacheka mwenyewe. Kisha akakunja uso. "Na hii maji ni ya ku ziwa. Haina dawa."

Nikamwambia haipaswi kuwa na dawa. Akaitikia kwa mdomo tu. Katika nyumba hii hakuna maji yasiyochemshwa, na yakishachemshwa hutiwa matone ya javeli, klorini ya kuua vijidudu, kutoka kwenye kichupa cha bluu. Hata ya kuoshea vyombo. Mtoto wake Fiston alikufa kwa kipindupindu Bukavu, akiwa na miaka mitano. Hatulizungumzi.

Jumanne, 28 Julai

Likizo ndefu. Walimu wenzangu wameenda kwao. Kila mmoja ana kwao: Nyakarenzo, Mururu, kilima fulani. Kwangu ni Bukavu, ng'ambo ya maji, naona mapaa yake kutoka hapa mlangoni. Kule niliitwa Mnyarwanda. Hapa sokoni nikifungua mdomo wanauliza nimetoka lini Zaire.

Leo sijazungumza na mtu isipokuwa Tantine na samaki.

Ninafuga viluwiluwi vya mbu kwenye chungu nyuma ya jiko, chakula chao. Tantine amekigundua. "Muntu anasoma miaka yote ile, halafu anafuga mbu." Hakukimwaga, lakini anapita mbali nacho.

Jike hatoki sana. Akitoka, dume humfuata kidogo, kisha kila mmoja hurudi kwake. Majirani wazuri. Nawaonea wivu.

Jumatatu, 3 Agosti

Vita tena. Bukavu tangu jana. Daraja la mpakani limefungwa. Tulisikia milio kama mtu anayepigilia misumari mbali.

Uvira sijui.

Ijumaa, 7 Agosti

Hakuna barua. Lori la Mzee Safari halijapita. Redio inataja Uvira, lakini haisemi lolote ambalo mtu angetaka kujua. Baba wa mtu yuko wapi, hilo haisemi.

Wanajeshi wamezuia watu kushuka ufukweni. Nina ndoo moja ya maji ya Kivu iliyokaa, basi. Tantine anachemsha kutwa nzima. Anasema vita hubeba ugonjwa, wakati ule wa Fiston ilikuwa hivyohivyo. Ameongeza matone. Chai inanuka javeli.

Nimekaa mbele ya vioo kwa muda wa saa tatu hivi. Najiambia: wakiishi, atakuja. Najua si sayansi. Mimi ndiye ninayefundisha sayansi.

Jumamosi, 8 Agosti

Dume amekufa.

Nilisikia harufu ya javeli kabla sijafungua mlango vizuri. Alikuwa amelala ubavu nje ya gamba lake, mashavu yakifunguka na kujifunga haraka, kisha polepole. Nilimtia kwenye ndoo. Alikuwa ameshachelewa, au mimi nilichelewa. Jike alikuwa ndani kabisa ya gamba lake lenye ufa. Nililinyanyua gamba pamoja naye na kulizamisha ndooni. Hadi jioni hakutoka. Ninaona ncha ya mkia ikitikisika.

Ni Tantine. Kichupa cha bluu kilikuwa pale pale mezani. Hata hakukificha.

"Niliona unalala vibaya," alisema. "Nikasema niwasafishie maji. Matone kumi tu."

Nikamwambia: "Dawa yako haikumwokoa hata Fiston."

Niliyasema hayo. Kwa sauti ya kawaida. Nayaandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilipiga kelele, kwamba nilikuwa sijui ninachosema.

Alichukua kichupa akaenda jikoni.

Jumapili, 9 Agosti

Ameenda misa peke yake. Amerudi, amepika, ameniwekea sahani, amekula chumbani kwake. Maharage yametiwa chumvi vizuri. Hilo limeniumiza kuliko kama angelinitukana.

Nimemzika dume chini ya mti wa parachichi. Nimemwaga maji yote ya sandukuni na kuanza tena kuosha mchanga. Sina maji ya kulijazia. Ndoo haitamtosha jike siku nyingi, maji yanachafuka.

Ningetaka kuomba msamaha. Nafika mlangoni kwake, nasikia anavyokunja nguo, narudi.

Jumanne, 11 Agosti

Nilipoamka Tantine hakuwepo. Wala bidoni la manjano halikuwepo.

Alirudi saa nne na nusu, bidoni kichwani, kanga imelowa hadi magotini. Alikuwa ameshuka ziwani. Yeye, ambaye hata mikono haoshi kwa maji ya ziwa. Alilitua mbele ya mlango wangu, akakaa juu ya kizingiti, akahema.

"Maaskari walikupitisha vipi?"

"Walicheka. Banasema, mama muzee, hii maji itakuua. Nikasema si yangu, ni ya mugonjwa."

Hakuniangalia. Aliangalia bidoni.

"Sikutia kitu. Unuse."

Nilinusa. Ziwa tupu.

Nikasema, "Tantine, lile neno."

"Nililisikia," alisema. "Fiston alikunywa ya ku mfereji, bila dawa. Mimi njo nilimupa, na mukono yangu." Akainuka kizingitini. "Leta ingine bidoni. Kesho wanaweza kukataa."

Jumapili, 30 Agosti

Mchana mtulivu. Maji yametulia pia. Jike ameacha gamba lenye ufa na kuhamia kwenye lile la dume. Alichimba siku mbili. Anakaa mlangoni, anatazama meza, ananitazama ninavyoandika.

Mzee Safari amepita baada ya misa. Hakuzima hata injini. Amemwona Papa wiki iliyopita, kituoni, akiwa mzima, amekonda. Milango ya kituo imevunjwa, na yeye analala ndani kulinda vitabu vya vipimo. Kuhusu kuja, Papa hakusema. Aliuliza jambo moja tu: wale wawili wanaendeleaje.

Lori lilikuwa linatetemeka. Safari alisubiri jibu, mkono juu ya gia. Ilikuwa rahisi kusema wapo. Nani angejua.

"Mwambie dume alikufa," nilisema. "Jike anaishi. Ana gamba kubwa sasa."

Safari akaitikia. Tantine alikuwa amesimama nyuma yangu na mwiko mkononi. Nilidhani anataka nisimtaje, na sikumtaja. Lakini alisogea hadi dirishani kwa dereva.

"Umuambie pia maji ya huku ni muzuri," alisema.

Kisha akaingia ndani kuchemsha ya kwetu.