Pikapu ya Chama cha Nyaramba

Nyaramba, 10 Februari 1974

Ndugu yangu Ouma,

Habari za Kisumu? Anyiko na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila mvua imetuchosha.

Chama chetu cha wakulima kimenichagua mwenyekiti. Tunataka pikapu ya dizeli ya kuvuta trela la ndizi hadi soko la Daraja Mbili. Mpya itatubidi tungoje mpaka Desemba. Kuna kuukuu ya mzungu mmoja wa chai huko Kericho, yaweza kupatikana sasa. Nimeshawaambia watu kwamba Pasaka haitapita bila gari. Wewe ni fundi, nenda ukaitazame.

Ndugu yako,
Makori


Kisumu, 2 Machi 1974

Ndugu Makori,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, Anyiko anawasalimu.

Nimeiona. Injini ni nzuri sana. Lakini nililala chini yake: pale trela linapofungwa, chuma kimepasuka, kikachomelewa, kikapakwa rangi. Kubeba mizigo yake yenyewe itabeba. Kuvuta trela katika milima yenu, hapana. Ngojeni mpya.

Ni mimi nduguyo,
Ouma


Kisumu, 17 Juni 1974

Makori,

Natumaini u mzima. Tangu Machi sijapata jibu lako.

Nilisikia kwamba trela lilikatika kwenye mteremko wa Kebirigo, na binti mmoja wa kwenu, Loice, alikuwa amekaa juu ya ndizi. Jana nikaja hospitali ya Kisii kumjulia hali. Mama yake, Tryphosa, akasimama mlangoni. "Ndiwe yule fundi Mjaluo uliyesema gari ni zima?" Wodi nzima ikageuka kunitazama. Nikaweka mkate chini, nikaondoka.

Uliwaambia nini?

Ouma


Nyaramba, 30 Juni 1974

Ndugu yangu Ouma, kama bado waniruhusu kukuita hivyo,

Nashindwa hata kukuuliza habari za nyumbani.

Barua yako niliificha. Wanachama waliponiuliza, "Fundi amesemaje?" nikajibu, "Amesema ni zima." Nilikuwa nimejisifu mno, nikaona haya kurudi nyuma. Sasa Loice amekatwa mguu wa kushoto. Ana miaka kumi na tisa.

Na siku ile ulipokuja, nilikuwapo. Nilikuwa nyuma ya pazia la kitanda cha pili. Nilisikia kila neno ulilotupiwa, nikanyamaza. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko hata uongo wenyewe.

Jana, Sabato, nilisimama kanisani nikaeleza yote. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mama Tryphosa alikuja baada ya ibada, akasema, "Mimi nilimfukuza mtu aliyekuja na mkate. Utanipeleka kwake."

Tutakuja Jumapili ijayo, yeye na mimi. Yeye mfungulie, tafadhali, ni mzee na hana kosa. Mimi nitasimama nje ya ua. Ukiniacha huko, nitajua ni haki.

Mimi,
Makori