Kwa Baba, Kabla ya Kukata Utepe

Guangzhou, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mguu umepata nafuu na Mama anapata usingizi. Mimi ni mzima wa mwili. Mvua za huku hazikatiki, hata nguo hazikauki.

Umeniuliza kama uukubali mwaliko wa kukata utepe wa daraja jipya. Nimekaa na swali lako wiki nzima.

Juzi mwalimu wetu wa utawala wa umma aliniomba niwaeleze wenzangu ile sheria mpya ya huko kwetu nyumbani, inayozilazimisha taasisi za serikali kuu na halmashauri kukaa meza moja na kukubaliana nani atengeneze nini. Nikatoa mfano wa mto wetu. Daraja liliposombwa, halmashauri ilisema barabara ni ya wakala wa serikali, wakala nao ukasema ni ya halmashauri, watu wakawa wanavuka majini kwa miguu mpaka mmoja akachukuliwa. Sheria ilipopita wakakutana, na daraja likasimama ndani ya kiangazi kimoja.

Msichana mmoja wa Kichina, mpole kabisa, akauliza, "Alikufa mtu mmoja tu?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mmoja." Kisha nikasema aliitwa Sostenes, mdogo wangu, alikuwa anawahi mtihani wa kidato cha nne. Mwalimu akaja akasimama karibu nami.

Baba, kilichoniumiza si swali la yule msichana. Ni hicho kiangazi kimoja. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa fupi hivyo!

Basi nenda, ukate utepe. Wakikupa kipaza sauti, mtaje mwanao, maana wao watataja vifungu vya sheria tu. Nimekununulia shati jeupe kule sokoni Shahe. Najat, mfanyabiashara wa Zanzibar anayenichukulia kama mdogo wake, atalituma na mzigo wake wa ndege.

Sasa neno nililolizungukazunguka. Nilikwambia chuo kimeninyima ruhusa ya kuja. Si kweli, Baba. Ruhusa ninayo. Ila nikiwafikiria mnavuka pale miguu mikavu, namwona Sostenes majini. Siwezi kulikanyaga daraja lile. Nisamehe, msinisubiri.

Mama mweleze wewe, kwa maneno utakayoona anaweza kuyabeba. Nawasalimu majirani wote. Mungu awe nanyi siku hiyo.

Ni mimi binti yako,
Leokadia