Waya Unaodaiwa Kubadilishwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamke, kazini anaitwa Mama Koili. Umri: miaka 41. Kazi: fundi wa maabara ya sumaku. Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya karakana.

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, na kwa furaha ambayo afande ameniomba niipunguze.

Leo tarehe 14, saa mbili asubuhi, nilimkuta mkuu wa maabara akifoka mbele ya mashine ya kupimia waya. Alidai waya wetu umeibwa na kuwekwa wa bandia. Waya huo ni mwembamba kuliko unywele na umevikwa kioo. Chuma chake kilipozwa ghafla hata chembe zake zikakosa muda wa kujipanga. Ukiwekwa kwenye sumaku, usumaku wake hugeuka mara moja, na kwenye skrini tunaona mruko wa mstari. Leo mruko ulichelewa mno. "Huu si waya wangu!" alisema. Mwenye ufunguo wa kabati la waya ni mtunza stoo, mdogo wake mume wangu. Polisi wakaja, wakamchukua.

Shemeji yangu si mwizi. Hata kalamu ukimwazima, anakufuata kukurudishia mpaka unakereka. Leo alivaa shati jipya kwa sababu mkewe anatoka hospitali na mtoto wao wa kwanza. Alipoingizwa garini aliniambia, "Shem, mwanangu aje nyumbani baba yuko ndani?" Roho iliniuma sana.

Nilirudi kwenye mashine nikaona selotepu mpya kwenye ncha za waya. Nilimuuliza mkuu nani kaiweka. Alishika kichwa. Akasema jana walikuja wapiga picha, na yeye mwenyewe aliukaza waya kwa selotepu usionekane umelegea pichani. Waya wa aina hii ukivutwa huwa mkaidi, unadai sumaku yenye nguvu zaidi ndipo ugeuke.

"Nafundisha hilo kila mwaka," alisema, "leo nimemfunga mtu!" Alibandua selotepu, mruko ukarudi mahali pake. Alibeba waya na mashine ndogo ya kupimia, akakimbilia gari lake na koti la maabara mwilini, nami nikamfuata.

Hapa kituoni afande alisema hamwachii mtu kwa hadithi za waya. Mkuu akamwambia, "Vuta mwenyewe, afande. Taratibu." Akavuta, mruko ukasogea. Akaachia, ukarudi. Akavuta tena bila kuombwa. Kutoka mahabusu nikamsikia shemeji: "Vuta, afande, vuta!" Nilicheka mpaka nikalia.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, nami nayakubali.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mimi, mpelelezi wa zamu. Waya nimeuvuta mara tano, ingawa mbili zilitosha. Mlalamikaji amefuta malalamiko na kumwomba radhi mtuhumiwa mbele yangu. Mtuhumiwa ameachiwa, na anapelekwa hospitali kwa gari la mlalamikaji, mlalamikaji akiwa dereva. Sahihi ya shahidi imepinda kwa sababu aliitia akiwa amesimama. Nje honi inapigwa.